Kuirudisha Kompyuta Nyuma



Waliosoma nasi wataikumbuka kompyuta ya ofisi ya madrasa hapa Bukoba, ile ya kioo chenye mgongo mrefu, iliyokuwa na Windows XP. Mwaka 2008, wiki moja kabla ya mitihani ya kufunga mwaka, mtu alichomeka flashi ili achape barua, akaingiza na programu aliyotoka nayo mjini. Kesho yake mashine ikawa inawaka, inafika kwenye picha ya mwanzo, inajizima na kuanza tena. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanafunzi, ada zilizolipwa, na maswali ya fiqhi na tajwidi ambayo ustadhi wetu aliyachapa kwa vidole viwili mwezi mzima, maskini.

Fundi akasema dawa ni kupiga Windows upya, vilivyomo vyote vifutike. Tukamwomba atupe muda.

Kumbe dawa ilikuwa humo humo. Tangu Windows Me ya mwaka 2000, na XP iliyofuata mwaka 2001, Microsoft waliweka programu iitwayo System Restore. Hiyo hutunza kumbukumbu ya hali ya mashine, yaani mipangilio, draiva na mafaili ya mfumo, na huweka alama kila baada ya muda au programu mpya inapoingizwa. Mambo yakiharibika unachagua tarehe, nayo mashine inarudi ilivyokuwa siku ile. Tukaiwasha huku tukibonyeza F8, tukaingia kwa njia ya usalama, tukachagua siku mbili nyuma, kisha tukakaa tukiomba umeme usikatike. Umeme wetu wakati ule ulitoka Uganda, na mkazi wa Kagera anajua tulichokuwa tunaogopa. Ikawaka! Programu ile ya mjini haikuwemo tena. Maswali ya ustadhi yalikuwepo yote, kwa sababu System Restore haigusi barua wala picha zako.

Hapo wengi hukosea. Faili ulilolifuta mwenyewe halirudi kwa njia hii, na virusi huweza kujificha ndani ya alama hizo hizo, kwa hiyo nakala za pembeni ni lazima. Tena kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi huduma hii huja ikiwa imezimwa. Andika rstrui kwenye sehemu ya kutafutia uone kama yako ina alama yoyote.

Wenzetu wa Muleba hawakubahatika. Mashine yao iligoma mwaka uliofuata, na tulipofika tukakuta huduma hiyo ilishazimwa zamani ili kupata nafasi kwenye diski. Fundi alikwishapiga Windows upya bila kutoa nakala. Orodha ya michango ya ujenzi ikabidi iandikwe tena kwa daftari, nyumba kwa nyumba, na wapo waliokumbuka kutoa zaidi ya walichotoa.