Siku ya Mwisho Huko Scapa Flow

Chukua ramani ya Uingereza, upandishe kidole mpaka uipite bara yote ya Uskoti. Juu yake utaona visiwa vidogo vingi, ndivyo Orkney. Katikati yake iko bahari iliyozungukwa na nchi kavu kama maji katika bakuli, nayo huitwa Scapa Flow. Nilikaa huko juma moja na wazamiaji kumi waliokwenda kutazama manowari za Kijerumani zilizolala chini. Mimi sikuzama, nilibaki mashuani nikiwangoja.

Bila shaka umesikia habari za Königsberg, manowari iliyoangamia kwetu katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Hizi za Scapa Flow ni ndugu zake. Vita vilipokoma, manowari 74 ziliwekwa huko zikingojea wakubwa waamue zitagawanywaje. Mkuu wao, Admirali Ludwig von Reuter, hakukubali ziangukie mikononi mwa adui. Tarehe 21 Juni 1919 akatoa amri, mabaharia wakafungulia maji yaingie, na kabla ya usiku 52 zilikuwa zimezama. Nyingi ziliinuliwa baadaye zikauzwa kuwa chuma chakavu. Kubwa saba zimebaki.

Siku ya mwisho watu hawazami mahali penye kina kirefu. Fikiri chupa ya soda: ukiifungua ghafula, mapovu hufurika. Uzito wa maji huisukuma hewa ya naitrojeni ndani ya mwili wa mzamiaji, naye akipanda juu upesi, au akisafiri kwa ndege kabla ya siku nzima kupita, mapovu hutokea mwilini yakaweza kumpoozesha, hata kumwua. Kwa hiyo kiongozi wetu aliichagua Karlsruhe, iliyolala ubavu kama futi 85 chini, na tukaondoka asubuhi mapema.

Lakini alikuwa na sababu ya pili. Kijana mmoja wa kundi, siku ya kwanza, aliokota katika meli hiyo hiyo kipande cha shaba, kidogo kama kitasa cha sanduku, akakificha ndani ya soksi. Sheria ya nchi inakataza kuchukua kitu cho chote. Usiku ule mwenzake wa chumbani akakiona. Kiongozi hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho utakirudisha kwa mkono wako." Kijana akanuna: kitu kilichokaa majini miaka zaidi ya mia, nani anakihitaji? Nakiri nilimhurumia kidogo. Safari ilikuwa imemaliza akiba yake yote.

Basi akavaa nguo ya mpira isiyopenya maji, maana maji ya huko ni baridi hata mwezi wa Juni, akafunga mitungi ya hewa mgongoni, akaruka pamoja na kiongozi. Tukatazama mapovu yao. Dakika arobaini si nyingi, ila kwa anayengoja ni ndefu. Walipotokea, kijana alinionyesha viganja vitupu, asiseme neno.

Alasiri tulikwenda kwa gari kisiwa cha Lamb Holm. Njiani tulisimama ufukoni penye boya la kijani kibichi. Chini yake iko Royal Oak, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 14 Oktoba 1939. Walikufa watu zaidi ya 830, wakiwamo wavulana wengi. Ni kaburi, hakuna anayeruhusiwa kuzama hapo isipokuwa wanamaji wenyewe, ambao kila mwaka hubadilisha bendera yake. Kijana alivua kofia kabla yetu sote.

Nyambizi ile ilipenya kati ya visiwa, ndiyo maana mapito yakazibwa kwa mawe na saruji. Wafungwa wa Kiitaliani waliletwa kufanya kazi hiyo. Nao wakaomba kanisa. Walipewa vibanda viwili vya mabati, wakaviunga. Domenico Chiocchetti akachora Bikira Maria juu ya altare, akifuatisha picha ndogo aliyopewa na mama yake. Taa walizitengeneza kwa makopo ya nyama, na mbao za tabernakulo zilitoka katika meli iliyovunjika. Wenzake waliporudishwa mwaka 1944, yeye alibaki kwanza amalize kisima cha ubatizo.

Kijana alisimama mbele ya zile mbao muda mrefu, mikono mfukoni. Tuliporudi Stromness jua lilikuwa bado juu, na nguo za mpira zilining'inia bandarini zikichuruzika maji.