Sayari Iliyojitanda

Marehemu baba yangu, aliyevua kwa ngalawa hapa Uroa, Unguja, tangu kabla ya mimi kuzaliwa hata macho yalipomwishia, hakupata siku moja kusema kwamba wingu limemficha kitu. Kwake yeye wingu lilikuwa barua, na mtu aliyenung'unika kwamba mawingu yamemzuia asione alikuwa, kwa rai yake, sawasawa na mtu aliyeletewa waraka akaukasirikia wino. Alfajiri, baada ya sala na kabla ya kuisukuma ngalawa kuuendea mlango wa mwamba, alikuwa akisimama mchangani akiutazama upeo wa bahari kitambo kirefu, akipima kimo cha wingu, na rangi yake, na namna lilivyokatika chini, kisha akatoa hukumu kwa neno moja au mawili. Nami, mtoto niliyembebea upondo, nilistaajabu kwamba aliona habari mahali ambapo mimi niliona kiza tu. Ikiwa ni msimu wake, Zuhura ilikuwa juu yetu wakati huo, inang'aa kuliko nyota zote, na baba alikuwa akiitaja kwa taadhima kama mtu amtajavyo jirani mwema.

Habari za mbinguni zilinijia mara ya pili kwa njia isiyo ya baba. Wamarekani walikuwa wamejenga pale Tunguu kituo cha kuwafuatia watu wao watakaorushwa angani, kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia, na maneno ya siasa juu yake yalikuwa mengi, watu wakihofu kwamba kisiwa kinatiwa katika ugomvi wa wakubwa usiotuhusu. Jioni ya tarehe 20 Februari 1962, nasi tukiwa katika mwezi wa Ramadhani, John Glenn alipita juu yetu katika safari yake ya kuizunguka dunia mara tatu. Huku Uroa hatukusikia wala hatukuona lolote, na nikumbukalo mimi ni kwamba siku zilizofuata wazee walibishana barazani kama mtu aliyeko huko juu angefuturu kwa jua la nchi gani. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1964, kituo kilifungwa, na leo mtu akitaja Tunguu vijana hukikumbuka Chuo Kikuu cha Taifa kilichopo pale, SUZA. Sijamkuta hata mmoja ajuaye kwamba waliwahi kutangulia wasikilizaji wa namna nyingine.

Mimi nikawa mwalimu wa jiografia, nikafundisha sayari tisa kwa yakini ya mtu aliyekwisha kuzihesabu kwa mkono wake. Habari kwamba Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva wameigundua, mwaka 1995, sayari inayolizunguka jua jingine mfano wa hili letu, ilinifikia kwa kuchelewa, katika kipande cha gazeti nilichofungiwa misumari dukani. Nikakisoma mara mbili, nikakikunja, na darasani nisiseme neno, kwa kuwa sikujua ningeiweka wapi katika lile jedwali langu la ukutani. Naikiri aibu hiyo sasa, ingawa wanafunzi wangu wa wakati ule wana wajukuu.

Walakini tarehe 8 Juni 2004 nililipa sehemu ya deni. Siku hiyo Zuhura ilipita mbele ya uso wa jua, tangu saa mbili na ushei asubuhi hata saa nane na nusu mchana, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa hai siku ile aliyepata kuliona kabla. Niliifunga darubini ya macho mawili juu ya kiti, nikaliacha jua lijichore lenyewe juu ya karatasi nyeupe ili asiwepo mtoto wa kulitazama kwa macho yake, na tukakiona kitone cheusi, kadiri ya punje ya mtama, kikitambaa polepole. Nikawaeleza kwamba mwaka 1761, Zuhura ilipopita vivyo hivyo, Mrusi Mikhail Lomonosov aliuona ukingo wa jua ukifura kitone kile kilipoukaribia, naye akatambua kwamba sayari ile imezungukwa na hewa. Mtoto mmoja akaniuliza hewa itaonekanaje, hali hii tuliyonayo haionekani. Nilimjibu vibaya, na jibu lililo bora sikulipata ila baada ya miaka kumi.

Mwaka 2014, nami nimekwisha kustaafu, mpwa wangu aliyekuwa akisoma SUZA alikuja nyumbani na simu yake mkononi. Akasema, "Mjomba, wameitazama sayari moja mara kumi na tano kwa darubini ya Hubble, na kila mara wamekuta mawingu. Wamevunjika moyo." Nikamwambia aketi asome tangu mwanzo.

Sayari yenyewe wakati huo haikuwa na jina ila GJ 1214 b, ungedhani ni namba ya gari. Iligunduliwa mwaka 2009 na David Charbonneau na wenzake kwa darubini ndogo zenye vioo vya sentimita 40, kwa sababu nyota yake ni ndogo, nyekundu na hafifu, hata sayari ipitapo mbele yake huipunguzia nuru kwa zaidi ya sehemu moja katika mia. Ipo umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, katika kundi ambalo Waarabu waliliita al-Hawwa, mchezesha nyoka. Sayari hiyo huizunguka nyota yake kwa saa 38 tu; upana wake ni karibu mara tatu ya dunia yetu, na uzito wake mara nane, na uzito huo kwa umbo hilo si wa jiwe tupu: ama ina maji mengi mno, ama imevikwa hidrojeni.

Hapo ndipo nilipokutana na jina la Eliza Kempton, ambaye mwaka 2010, pamoja na Jonathan Fortney, alipiga hesabu ya namna ya kuzipambanua hali hizo mbili. Nuru ya nyota ikipenya katika ukingo wa hewa ya sayari, kila mvuke hujichukulia rangi zake na kuziacha nyingine zipite, na hilo ndilo jibu nililomnyima yule mtoto. Hewa nyepesi ya hidrojeni itafura na kuacha alama kubwa, ilhali mvuke wa maji, kwa uzito wake, utakaa chini na kuacha alama ndogo. Mwaka huo huo Jacob Bean akapima, na alama hazikuonekana. Kisha Laura Kreidberg, wakati ule mwanafunzi huko Chicago, akapima kwa makini zaidi kwa Hubble, na mstari wa vipimo vyake ukatoka umenyooka kama uzi wa mwashi, kiasi cha kwamba hata mvuke mzito usingeweza kuunyoosha hivyo. Yalikuwa ni mawingu.

Nilicheka, na mpwa wangu akadhani namcheka yeye. Nilikuwa namkumbuka baba na mtu wake aliyeukasirikia wino.

Tangu siku hiyo nikawa naifuatia amali ya Kempton kama wengine wafuatiavyo mpira. Nilipoambiwa kwamba amefundisha miaka kadhaa katika chuo kidogo cha Grinnell, huko Iowa, mapenzi yangu yalizidi, maana nayajua maisha ya kubeba swali mfukoni baina ya kipindi na kipindi. Na hatimaye, Mei 2023, akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, yeye na wenzake walitoa habari nyingine kwa darubini ya James Webb: waliitazama sayari ile mzunguko wake mzima, karibu saa 40, wakilipima joto lake upande wa mchana na upande wa usiku, wakakuta digrii 280 mchana na 165 usiku, kiasi ambacho ni baridi kwa sayari iliyoikaribia nyota yake namna hiyo. Sababu ni kwamba ukungu ule walioulaumu miaka yote huirudisha karibu nusu ya nuru inayoipiga, na chini yake yapasa kuwepo hewa nzito, huenda yenye maji. Basi kumbe ilikuwa kama Zuhura ya baba, ambayo uzuri wake wote ni mawingu yanayorudisha robo tatu ya nuru ya jua.

Mwezi uliofuata sayari ikapewa jina. Wakenya walikuwa wamependekeza maneno ya Kimasai, yakakubaliwa: nyota ni Orkaria, udongo mwekundu, na sayari ni Enaiposha, maji makubwa, aliyepita Bonde la Ufa atawasikia humo ndugu zao Olkaria na Naivasha. Tanzania nasi tulikuwa na zetu tangu 2019, nyota Mpingo na sayari Tanzanite, za bara zote mbili, na husuda yangu ya kipwani naikiri: ningependa moja iitwe kwa jina la upepo wetu.

Jioni moja ya Julai mpwa wangu alinitoa nje nimwonyeshe al-Hawwa, ingawa Orkaria haionekani kwa jicho. Tulipofika pwani maji yalikuwa yamejaa, kusi inavuma, na wingu zito likapanda kutoka baharini, limekatika chini kama ukingo wa mkeka, likalifunika kundi lote. Akasonya. Nikalitazama kitambo, nikamwambia aende mbio akamwambie mama yake aufunike mwani, mvua ya mchoo hiyo.