Ree na kumi

Jumamosi, hapa Bulla Pesa, Isiolo, nilipoteza kwenye poka shilingi 600 za tokeni za stima. Tulikuwa sita mezani, mimi wa kwanza kusema. Nikapata ree ya kopa na kumi ya shupaza, nikapandisha dau. Ree ni ree, jamani! Muuza miraa mmoja nyuma yangu alikuwa na ree na mfalme. Mimi na digrii yangu ya kompyuta.

Nyumbani giza, laptopu ina betri nusu, nikaandika programu fupi. Zimebaki karata 50, yaani michanganyo 1,225 ya karata mbili. Hamsini na kumi hivi ndiyo inanimaliza: ree yenye mwenzake mkubwa kuliko kumi, au pea ya kumi kwenda juu. Nikihesabu sawasawa, ni 60. Akiwa nyuma yangu mtu mmoja, hatari ni kama 5 kwa 100. Wakiwa watano, inafika 22. Tena watatu kati yao wataniona nikitangulia kusema mpaka karata ya mwisho.

Ree na malkia? Inayoishinda hivyo ni 24 tu. Hiyo bado napandisha. Ree na kumi za maua tofauti, nikiwa wa kwanza, natupa. Jamaa wananiita mwoga. Jumamosi tunarudi mezani, tokeni nimeshanunua.