Nchi za Ajabu: Nianze na Kipi?

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, chumba cha habari kimenibana. Leo tuongee vitabu.

Nina mpwa wangu yuko Kitai, kule Mbinga, kwenye njiapanda ya kwenda Lituhi. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, anashinda akihesabu malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Juzi kanitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nitumie vitabu vya nchi za ajabu, kama ile sinema ya Narnia, ila vya Kiswahili. Na uniambie nianze na kipi."

Nilicheka, halafu nikaona swali si dogo. Huyu binti shuleni alifundishwa kusaka dhamira na wahusika kama mtu anayechambua mchele, wali wenyewe hakuuonja. Kitabu cha kwanza kikimchosha, cha pili hatakifungua.

Nchi za ajabu ninazozijua vizuri kwa Kiswahili ni za Shaaban Robert: Ughaibu, Kusadikika na Kufikirika. Si mfululizo wa sehemu ya kwanza na ya pili, kila kitabu kinajitegemea. Lakini ukivisoma vyote unamwona mtu mmoja akirudia swali lilelile, kwamba nchi itawaliweje ili watu wake wapate haki.

Rafiki yangu mmoja, msomi kwelikweli, anashikilia mwaka wa kuandikwa. Kwa hesabu yake Kufikirika kinatangulia maana kiliandikwa 1946, ingawa kilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Kisha Kusadikika cha 1951, mwisho Adili na Nduguze cha 1952. Eti hapo unaliona wazo likikua. Sawa, kwa anayeandika tasnifu. Kwa binti wa Kitai, hapana!

Mimi naanza na Adili na Nduguze. Ukurasa baada ya ukurasa unataka kujua kwa nini mtu mwema kama Adili, liwali wa Janibu, anawacharaza manyani wawili kila usiku bila kupenda. Kuna majini. Kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kisa chenyewe kina mizizi kwenye Alfu Lela Ulela, ila kule walikuwa mbwa, na mimi nawapenda zaidi manyani. Hapa huhitaji mwalimu.

Ndipo Kusadikika, nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja aliishia gerezani. Kumbuka kilitoka miaka kumi kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Wasomaji wengi wamemwona mkoloni ndani yake, na sishangai. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho ninachokiogopea. Hotuba ni ndefu, na ukivisoma visa sita kwa mkupuo, ukifika kwa mjumbe wa nne unaanza kupiga miayo. Dawa yake ni mjumbe mmoja kwa siku, basi. Mpwa wangu ana siku nyingi tu.

Kufikirika nakiweka mwisho. Mfalme hana mtoto, anahangaika na waganga wa kila aina, mrithi anapatikana, kisha unakuja mzozo wa namna ya kumfundisha. Kina mawazo mengi kuliko vituko. Aliyekwisha kumzoea mzee huyu atakifurahia. Mgeni atakifunika ukurasa wa ishirini.

Na Narnia yenyewe je, maana najua ataiuliza? Ni vitabu saba, na ubishi ni huohuo. The Lion, the Witch and the Wardrobe kilitoka 1950. The Magician's Nephew kilitoka 1955 lakini kinaeleza Narnia ilivyoanza, kwa hiyo wachapishaji baadaye wakakipa namba moja. C. S. Lewis mwenyewe mwaka 1957 alimjibu mtoto mmoja wa Marekani akikubaliana naye kwamba vifuate mtiririko wa matukio, kisha akaongeza kuwa huenda mpangilio si kitu sana. Mzee kaniangusha hapo. Mimi ningempa cha 1950 kwanza. Lucy anapolifungua lile kabati, msomaji asiwe anajua limechongwa kwa mti gani.