Ndazi la Faranga Mia

Mimi nimeishi kwa mandazi. Bati la nyumba yetu ya mbao hapa Murara, mtaa wa Goma, limetoka kwenye mandazi, karo ya watoto vilevile, na mtaani jina langu la ubatizo limesahaulika: mimi ni Mama Mandazi tu.

Kazi hii nilifundishwa na mama mkubwa, dada yake mama yangu. Hakuwa na mizani. Unga alipima kwa kopo la maziwa ya unga la Guigoz, sukari kwa kiganja, chumvi kwa vidole vitatu. Ndazi letu si lile la pwani linalosukumwa na kukatwa pembe tatu. Letu ni la mviringo, na unga wake ni laini, unanata. Jioni nachanganya ngano, sukari, chumvi, hamira na maji ya uvuguvugu, kisha naupiga kwa kiganja ndani ya beseni mpaka uvutike bila kukatika. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wake una baridi, na hamira haipendi baridi. Kwa hiyo beseni nalifunika, nalizungushia kitenge kizito, nalilaza karibu na mbabula, jiko letu la makala, yenye majivu ya moto.

Saa kumi alfajiri unga umefura. Nauchota, naubana ngumini, na donge linachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada. Nalidondosha kwenye mafuta. La kwanza ni la kujaribia: likizama na kukawia chini, mafuta hayajakolea, na ndazi litayanywa; likiwa jeusi upesi, napunguza makala. Ndazi lililofura vizuri halihitaji kugeuzwa. Upande wa chini ukiiva, lenyewe linapinduka. Saa kumi na mbili wanafunzi wanafika, kisha vijana wa pikipiki na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, kila mmoja na kikombe chake cha uji wa mtama.

Hesabu ya kazi hii ndiyo ngumu kuliko upishi. Kongo hatutumii sarafu, ni noti tupu, na noti ndogo zimekuwa adimu. Bei haina pa kusogea kidogo kidogo: ni faranga mia, au uruke mpaka mia mbili. Nani atamrudishia mtoto faranga kumi? Kwa hiyo unga ukipanda, kinachopungua ni ngumi. Mteja hukubali ndazi dogo. Mtoto aliyetumwa na faranga mia tano lazima arudi nyumbani na mandazi matano, maana ndugu zake wanamngoja wamehesabiwa.

Ndiyo maana miaka ya mji huu mimi naikumbuka kwa ngumi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, tukarudi siku chache baadaye mawe yakiwa bado na joto. Tulianza tena na unga wa kukopa, na mandazi yalikuwa madogo kama mayai ya njiwa. Yalikua tena taratibu, mji ulivyojengwa juu ya yale mawe meusi. Machi 2020 mpaka na Rwanda ulifungwa kwa sababu ya korona, na shule zikafungwa: hapo unga ulikuwepo, walaji hawakuwepo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani, na ngumi ikajibana. Februari 2024 mapigano yalifika karibu na Sake, barabara ya Masisi ikakatika, na makala yakawa ghali kuliko unga.

Kisha ukaja mwisho wa Januari 2025. Waasi wa M23 waliuteka mji, benki zikafungwa, noti zikaanza kuzeeka mikononi mwetu. Faranga mia iliyochanika muuza unga anaikataa, lakini mtoto wa shule hana nyingine. Mimi nilizipokea, nikazibandika kwa gundi, na nikapata jirani wa makala aliyekubali kuzichukua. Wateja wa mwisho wa mwezi nikawaandika kwenye daftari. Wengi wamelipa.

Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu huuliza kwanza kiasi cha hamira. Nawaonyesha, ni jambo la siku moja. Ninachowasisitizia ni hiki: usichuje mafuta ya juzi ukayaita mapya, usichanganye ndazi la jana na la leo, na unapopunguza ngumi, mwambie mteja kabla hajaona mwenyewe. Dogo atalisamehe, la kudanganywa hatalisamehe.

Nawe msomaji, ukipita Murara asubuhi ukakuta ndazi limepungua, usimlaumu mama aliyeketi nyuma ya sufuria. Muulize kwanza unga umefika bei gani.