Kanga ya Pili

Mlionijua mwaka wa kwanza mnanikumbuka uwanjani. Nilicheza senta kwenye timu ya netiboli ya kitivo, na pale pembeni mlikuwa mnaniita Bajaji, eti napita hata pasipo na njia. Mwaka wa pili nikapata mimba. Nikaahirisha masomo, nikajifungua, nikarudi Malimbe na mtoto wa miezi saba na binamu yangu wa kunisaidia kulea. Hayo mengine, baba ni nani na ilikuwaje, yaliongelewa vya kutosha mabwenini. Siyarudii.

Ninaloandika hapa halikuongelewa. Jioni ya kwanza niliporudi mazoezini niliruka kudaka mpira, mkojo ukatoka. Si tone. Nilikuwa na sketi ya bluu ya mazoezi na ilionekana. Nikajifanya nimeteguka mguu, nikakaa chini, nikajimwagia maji ya chupa mapajani kama mtu anayejipoza, halafu nikaondoka nachechemea. Nilichechemea mpaka mlangoni kwangu, hata pale njiani ambapo hapakuwa na mtu wa kuniona.

Sikurudi. Kapteni akipiga simu nasema mtoto ana homa. Mtoto wa watu aliugua homa nyingi sana muhula ule, zote za uongo. Wenzangu wakaelewa kivyao: huyu sasa ni mama, tumwache. Wakanitoa kwenye grupu la wasapu la timu, kwa upole tu, wala sikulalamika. Usiku nilikuwa nawaza fistula. Nilishaona mabango yake kliniki, lakini niliogopa kuuliza, maana niliona kuuliza ni sawa na kukubali kuwa ninayo.

Kuna mwenzetu darasani alinitumia picha ya Faith Kipyegon wa Kenya. Alijifungua 2018, na mwaka 2021 akachukua tena dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Asante, kaka, nilijua una nia njema. Ila Kipyegon kukimbia ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa na bumu linaloishia kwenye kodi na pampasi. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akipata mapacha, na baba naye anapata 3. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo siku zake anazikata kwenye mwaka wake wa masomo.

Aliyenirudisha barabarani ni mama anayeniuzia dagaa Nyegezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na meza yake inakuwa nyeupe. Siku moja ya namna hiyo nilipita nimembeba mtoto, nikamwamkia, akanitazama.

"Marahaba. Mwanangu, mbona umenyong'onyea hivyo? Jumamosi njoo tukimbie."

"Mama, sina wa kumwachia mtoto." Binamu Jumamosi anaenda kusali.

"Njoo naye. Kuna bibi anabaki nao pale kona."

Nikatafuta sababu nyingine, nikaikosa.

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa kona ya Nyegezi, watu kama arobaini: bodaboda, mafundi, walimu, wamama wa sokoni, mzee mmoja mstaafu mwenye soksi za mpira. Jogingi ya mtaani mnaijua. Mwenye filimbi anaanzisha wimbo, wengine mnaitikia, kama mchakamchaka wa shule. Nilichokuwa sijui ni kwamba ule wimbo ndio kipimo. Uitikiaji ukififia, mwenye filimbi anajua mwendo umewashinda watu, anaupunguza. Hakuna anayeachwa.

Kabla ya Mkolani nikahisi inakuja. Nikabaki nyuma, nikashika kifundo cha mguu, ujanja uleule. Mama wa dagaa akabaki na mimi. Mguu hakuuliza. Alikuwa amejifunga kanga mbili kiunoni juu ya suruali, akafungua ya juu akanipa.

"Jifunge. Mimi nina watoto sita. Unadhani mbili hizi ni za urembo?" Akaonyesha mbele kwa kidevu. "Na yule. Na yule mwalimu pale."

Nilicheka mpaka nikaharibu zaidi.

Tuliporudi kona alinipeleka kwa mkunga mstaafu, naye ni wa kikundi, akanieleza tukiwa tunanyoosha misuli. Fistula inatokana na uchungu uliokwama muda mrefu, na inavuja muda wote, umekaa au umelala. Hiyo inahitaji hospitali, na Bugando wanaitibu. Yangu ilitoka nikiruka, nikikohoa, nikicheka: misuli ya chini ya nyonga ililegea kwa mimba na kuzaa, na humpata takribani mama mmoja kati ya watatu. Dawa yake? Bana kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi 5, ukizoea 10, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Usifanye ukiwa unakojoa. Nilibana kwenye daladala, nilibana kwenye mhadhara wa takwimu. Mwalimu wangu wa takwimu, kama unasoma hapa, ule uso wa umakini haukuwa wa somo lako.

Mwezi wa pili mtoto akapata homa ya kweli. Saa nane usiku, anawaka, anatetemeka, binamu analia. Nikashika simu nikaanza kutafuta jina la kapteni, anakaa karibu, kisha nikaacha. Ningemwambia nini? Mtoto ana homa? Nikampigia mama wa dagaa. Baada ya robo saa bodaboda wa kikundi alikuwa mlangoni, yuleyule mwenye filimbi. Ilikuwa malaria. Alikaa kwenye benchi la hospitali hadi asubuhi na hela akakataa.

Wiki iliyofuata nilimfuata kapteni nikamwambia yote, na sketi na chupa ya maji. Akanyamaza. Akaniuliza kwa nini sikumwambia, na mpaka leo sina jibu zuri. Namba ya senta ina mtu sasa, anacheza vizuri kunizidi. Mimi nimeomba kuanza na benchi. Kuruka bado naogopa kidogo, na kilima cha kurudia nyumbani bado kinanishinda siku nyingine.

Jumamosi hii tunashuka Luchelele mpaka ziwani. Tunaondoka kona saa kumi na mbili kasoro robo. Mwenye mtoto aje naye, bibi yupo, na kama huna kanga ya pili, mimi sasa nabeba ya ziada.