Feni Juu ya Bahari ya Lita 200

Anayeandika haya anajiita fundi, maana ndivyo Sinza ya Dar es Salaam inavyomwita. Alianza na samaki wa maji baridi, wale wa rangi wanaopamba saluni na baa za Shekilango. Maji ya chumvi yalimjia baadaye. Mgeni mmoja wa Masaki alikuwa anarudi kwao na ameuza kila kitu, isipokuwa tangi la lita 200 lililokosa mnunuzi. Fundi akaambiwa abebe. Ndani mlikuwa na tumbawe laini moja, Sarcophyton kwa jina la wataalamu, lenye umbo la uyoga. Matumbawe mengi aliyouza tangu hapo yametokana na hilo.

Tangi lilikuja na kitabu na hita. Kitabu kiliandikwa Ulaya, na kilitumia kurasa nyingi kueleza namna ya kupasha maji moto.

Sinza shida ni kinyume chake. Tumbawe la tangini hustawi maji yakiwa nyuzi 24 hadi 27, lakini Februari, chini ya bati, maji huvuka 30 mchana hata kabla ya taa kuwashwa. Mwilini mwa tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Joto likizidi, tumbawe huutema mwani huo, likabaki jeupe na lenye njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, pale joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe ya Mafia, ya Kenya na ya sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi.

Fundi akauza hita, akanunua feni. Upepo ukipiga juu ya maji, mvuke huondoka na joto, nyuzi mbili tatu zikashuka. Chumvi haiondoki na mvuke. Inatakiwa gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji. Feni ikikesha, asubuhi kipimo kimepanda, na lazima yaongezwe maji yasiyo na chumvi. Hapo ndipo penye kazi. Visima vingi vya mtaani vina chumvichumvi, na bomba lina klorini. Kijana wake wa kazi alikuja na ndoo ya maji yaliyodondoka kwenye kiyoyozi, safi kwa macho. Fundi akayamwaga: ndani ya kiyoyozi mna mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu huua viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Yeye hununua maji ya madumu yaliyochujwa kwa mashine.

Maji ya bahari huyafuata Kunduchi, bamvua likijaa, akakodi ngalawa na kuchota mbali na ufuko. Wakati wa masika haendi, kwa kuwa mito hushusha tope na taka za jiji. Wateja humuuliza kwa nini akiwa huko asing'oe matumbawe ya bure. Huwajibu kwamba visiwa vya huko, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu tangu 1975, na kung'oa tumbawe hapo ni kosa.

Kwa hiyo hukata la kwake. Huvaa glavu na miwani, huliweka tumbawe kwenye beseni la maji ya tangi, kisha hupitisha wembe mpya ukingoni mwa kofia. Ute mzito hutoka, wenye harufu kali. Kipande hulazwa juu ya jiwe na kufunikwa kwa chandarua kilichokazwa na uzi, maana gundi haishiki kwenye ute. Baada ya wiki chache kimejishika chenyewe. Maji ya beseni humwagwa chooni. Matumbawe laini hayana mifupa ya mawe, hivyo hupigana na majirani kwa sumu, na kila tangi analolihudumia lina mfuko wa makaa maalumu ya kunyonya sumu hiyo.

Simu nyingi ni za hofu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, lile dude lako limekufa. Limenywea, linang'aa kama limepakwa nta."

"Usilitoe, mama. Linajichuna ngozi. Elekeza pampu upande wake, nakuja."

Hujichuna hivyo kutupa uchafu na mwani uliolifunika, na siku chache baadaye vidole vyake hutoka tena.

Umeme ukikatika, giza la siku moja tumbawe hulivumilia. Pampu haiwezi kungoja, kwani maji yakisimama oksijeni hupungua na samaki huanza kutweta juu. Ndiyo maana fundi hafungi tangi bila betri na inveta ndogo ya kuendesha pampu moja.

Desemba, kaskazi ikianza kuvuma na joto kupanda, huacha kupokea kazi mpya hadi masika. Miezi hiyo huzunguka kwa wateja wa zamani, Kijitonyama, Mwenge na Mikocheni, akipima joto na chumvi. Anayelalamika kwamba feni inamharibia sebule, humshauri afuge samaki wa maji baridi, na humpa bei hapo hapo.